Bafle ya Nyuma ya Kiti cha Mama

Yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, hakufika siku tuliyomzika baba. Alituma neno kwamba daraja limevunjika kwenye barabara ya Kabambare na pikipiki hazipiti. Siku ileile majirani zetu walipokea ndugu zao waliotoka Kabambare kwa barabara hiyohiyo, matope mpaka magotini, mmoja amebeba mbuzi begani. Niliwatazama wakinawa miguu uani kwetu. Toka siku hiyo mimi na yule mtu, ingawa ndiye aliyenitangulia kuzaliwa, tulikuwa tunaongea kama watu wanaopokezana kisu.

Alikuja kiangazi kilichofuata. Yeye anakaa Kabambare, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wa upande wa Lusangi, na hakosi kitu. Aliingia kwetu Kasongo na pikipiki mbili: moja imembeba yeye, nyingine imebeba sanduku kubwa lililoviringishwa turubai. Ndani mlikuwa na ampli ya kukuza sauti, bafle ndogo tano za kutolea sauti, na bafle moja nene ya besi iliyohitaji watu wawili kuishusha.

"Nimemuletea mama sinema ya nyumbani," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na majirani.

Wakati huo sikio la kuume la mama lilikuwa limekwisha kufa. Baada ya mazishi homa ilimshika kichwani, na alipoinuka kitandani akawa anasikia kwa la kushoto tu, tena kwa taabu. Kitu alichopenda duniani ni michezo ya kuigiza ya Kiswahili, ile inayouzwa sokoni kwenye flashi. Tulikuwa tunaitazama kwenye televisheni yetu, sauti ikitoka nyembamba kama ya mbu, nami namrudilia maneno karibu na sikio zima. Kwa hiyo nilipoona zile bafle nilifurahi. Haikudumu.

Yaya hakuuliza mtu. Alipigilia misumari ukutani, akatundika bafle mbili mbele, mbili nyuma, moja akaiweka chini ya televisheni, na ile ya besi akaisukuma kwenye pembe inayopakana na chumba cha mama. Kisha akachukua kiti cha mama, kilichokuwa mbele ya televisheni siku zote, akakiburura mpaka karibu na mlango, chini kabisa ya bafle moja ya nyuma. Pale katikati akaweka kiti chake, kile cha baba chenye mikono ya mbao. Akakaa, akashika telekomande ya kuongozea mashine, akaanza kupandisha hii na kushusha ile mpaka akaridhika.

"Sasa sauti inanizunguka sawasawa," alisema.

Kweli ilimzunguka yeye. Mama, bafle ikimlilia juu ya sikio lake zima, hakusikia kingine chochote.

Siku hiyo aliweka mchezo mmoja ili mama ashukuru mbele ya rafiki zake waliokuja kutazama. Katikati ya mchezo mgeni fulani alibisha hodi, na hodi ile ikatokea kwenye bafle ya nyuma, jirani na mlango wetu. Mama akaamka, akajishika ukuta, akaenda kufungua. Nje palikuwa na kuku tu. Akarudi kukaa. Baada ya muda kidogo hodi ikapigwa tena, na mama akaamka tena. Rafiki za yaya walicheka, mmoja akapiga mapaja. Yaya naye alicheka. Mimi nilisimama, nikamshika mama mkono, nikamrudisha kitini, na moyoni nilimwambia yaya maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa mama bado anasomewa ninayoyaandika.

Aliporudi Kabambare alituacha na amri: mashine isiguswe na mtu. Vumbi la pikipiki yake lilikuwa halijatulia nilipochukua telekomande.

Iko na kidude kimeandikwa TEST. Ukikibonyeza, mashine inatoa sauti kama mvua juu ya bati, na mvua ile inahama kutoka bafle moja hadi nyingine, ikisimama kidogo kwa kila moja ili umpimie anayesikiliza. Nilimwambia mama akae kwenye kiti chake, anyooshe mkono mvua ikiwa kali, aulaze ikiwa imefifia. Ile ya nyuma yake ilipolia, alinyoosha mkono mpaka juu ya kilemba. Niliishusha, nikaishusha, mpaka mkono ukalala. Ile ya chini ya televisheni, inayotoa maneno ya watu, niliipandisha sana. Besi niliishusha karibu na kufa. Tulifanya hivyo asubuhi nzima, sombe ya majani ya muhogo ikaungua jikoni, na tulipoweka mchezo mama alicheka kabla yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba mama anaweza kucheka kabla yangu. Siku zile sikurudilia neno hata moja.

Yaya alirudi kununua mafuta na chumvi za kupeleka kwa wachimbaji. Alikaa kwenye kiti chake, akafungua mpira kwenye televisheni, akakunja uso.

"Nani alishika mashine yangu?"

"Ni miye," nilisema.

"Besi iko wapi? Nyuma kumekufa! Umeua mashine."

"Mama anasikia muzuri sasa. Kaa kwenye kiti yake, utasikia."

"Nikae pale kwa mulango, kama mutu wa kuomba?"

"Mama yako anakaa pale."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta mahali pa kupiga. Hakunipiga. Alirudisha hesabu zote kama zilivyokuwa, akaongeza besi mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, na mama akatoka taratibu kwenda kukaa jikoni, juu ya kigoda, mgongo kwa nyumba. Asubuhi yaya alipoondoka, aliitia telekomande mfukoni. Akaenda nayo Kabambare.

Nadhani alifikiri ameshinda. Lakini bafle ni kitu chenye uzito na kamba, na chumba kina nafasi. Ile ya besi niliichomoa waya. Ile ya nyuma ya mama niliigeuza uso ukutani. Ile ya maneno niliiweka juu ya kigoda, nikaisogeza mbele kidogo kidogo, mama akinyoosha na kulaza mkono kama mwanzo. Bado haikutosha, maana kila kitu kilikuwa kimepimwa kwa kiti cha katikati. Nikasimama nikakiangalia kile kiti.

"Mama, njoo ukae huku."

"Ile ni ya kaka yako."

"Ilikuwa ya baba."

Alifikiri. Kisha akaja, akakaa, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mbao ya kile kiti, na hakukiacha tena.

Yaya alitukuta hivyo Jumapili moja mchana, tumetoka kanisani, sahani bado ziko mezani. Alikuja na wageni wawili wa biashara, watu wazima, viatu safi. Aliwakaribisha kwa maneno makubwa, akageuka, akamuona mama katikati ya saloni ya kupokelea wageni, kigoda mbele yake, waya zimetapakaa chini.

"Mama, ondoka pale kidogo. Wageni wanataka kukaa."

"Viti viko," mama alisema. Macho yalikuwa kwenye televisheni.

"Ile ni kiti yangu, mama."

Mama hakusogea. Yaya aliinama karibu na sikio lake, lile lililokufa, akarudia kwa nguvu. Nikamwambia, "Unaongea na sikio ya mufu." Akaninyooshea kidole. "Weye funga kinywa. Ni weye unamuharibu huyu mama."

Hapo mama aliniomba nizime televisheni. Nilizima.

"Sikia," alimwambia mwanawe, na hakuwa na haraka. "Siku ya kuzika baba yako, masikio yangu yote mbili ilikuwa inasikia bado. Nilikaa pale nje nikisikiliza pikipiki yako. Pikipiki za watu zilikuja. Yako haikulia. Sasa unaniletea makelele ya nini?"

Wageni walitazama viatu vyao. Mmoja alisema watarudi siku nyingine, na wakatoka bila kunywa hata maji. Yaya alibaki amesimama. Nilingoja aseme pole. Hata mimi, pamoja na chuki yangu yote, ningeipokea. Lakini alipanda juu ya kiti, akaanza kung'oa bafle ukutani, misumari ikitoka na vipande vya udongo. Aliviringisha waya, akafunga sanduku, akaita mtu wa pikipiki. Mama hakugeuza kichwa.

Kwenye mlango aliniambia, "Ni weye ulimufundisha maneno yale."

"Mama hafundishwi," nilimjibu. "Ungekuwa unafika kwake, ungejua."

Tukarudi kwenye sauti ya mbu. Mama anasogeza kiti karibu na televisheni mpaka magoti yanagusa meza, nami narudilia maneno yanayompita. Yaya hutuma sukari na sabuni kwa watu wanaokuja Kasongo, pamoja na salamu kwa mama. Za kwangu hazimo, na sijawahi kuziulizia.

Juzi tulikutana kwenye arusi huko Nyangwe. Alipita akisalimu mstari mzima wa ndugu, mkono kwa mkono, na alipofika kwangu akamshika aliyekuwa baada yangu. Nami nilikuwa sijanyoosha mkono. Niliporudi nyumbani mama aliniuliza kama nimemuona. Nikasema nimemuona.

"Amekonda?"

"Amenenepa," nilimwambia karibu na sikio, na ilikuwa kweli.