Sahihi ya Fundi Makochi

Mtaani walimwita Sponji, kwa sababu alikuwa fundi makochi na kila jioni alirudi nyumbani na vipande vya sponji vimemganda kwenye nywele. Wenye ulimi mkali walisema jina lilimfaa kwa sababu nyingine: ukimbonyeza, anabonyea. Hakujua kumkatalia mtu.

Yeye na mkewe walipanga vyumba viwili, lakini walikuwa na kiwanja nje kidogo ya mji. Mke alikuwa dobi wa hospitali, na matofali mengi ya pale yalitoka kwenye mshahara wake wa kufua mashuka ya wagonjwa. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Kila Jumapili mke alikwenda huko peke yake, akapita chumba kwa chumba, akipanga kitanda kitakaa wapi.

Siku moja mdogo wake Sponji alikuja karakana, akakaa kwenye kochi la mteja ambalo bado halijavishwa kitambaa.

"Kaka, nimepata gari la mizigo, bei ya kutupa. Wakopeshaji wanataka dhamana tu."

"Dhamana gani?"

"Hati ya kiwanja. Miezi michache naikomboa. Shemeji hata hatajua."

Sponji aliendelea kupigilia misumari. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea kijana huyu. Damu nzito kuliko maji, alijiambia. Kesho yake akaweka sahihi. Hati ilikuwa kwa jina lake peke yake, na hakuna aliyeuliza kama ana mke.

Gari lilifanya kazi msimu mmoja, likaua injini. Mdogo mtu akazima simu. Wakopeshaji wakamgeukia kaka mtu. Akakopa huku akalipa kule, akauza cherehani yake ya karakana. Mkewe akaambiwa iko kwa fundi. Kila siku alijiahidi kwamba kesho atasema. Mwishowe wakopeshaji wakakiuza kiwanja.

Jumapili iliyofuata Sponji alijaribu kumzuia mkewe. "Leo pumzika, mama watoto. Jua kali."

"Nipumzike kwenye nyumba ya watu?" mkewe akacheka, akachukua mwavuli.

Alikuta mabati mapya yanang'aa kando ya kuta zake, na mwashi asiyemjua anapandisha matofali.

"Mama, unamtafuta nani?"

"Nani anajenga hapa?"

"Tajiri yangu. Amepanunua juzijuzi tu."

Aliutazama ukuta ule kitambo. "Simtafuti mtu," akasema. "Nimepita tu."

Aliporudi alinawa miguu, akakaa mbele ya mumewe.

"Ungeniambia, ningekataa."

"Najua."

"Ndiyo maana hukuniambia."

Sponji alitamani arushiwe hata sufuria. Mkewe aliinuka tu, akaanza kukunja nguo za watoto.

Hakuondoka. Ndugu waliomtarajia arudi kwao walingoja bure. Lakini tangu siku hiyo mshahara wake aliutunza mwenyewe, na mipango yake hakuisema tena kwa sauti. Nyumba ikawa na adabu nyingi na mazungumzo machache.

Baada ya muda mrefu mdogo mtu alirudi, amekonda, mkononi kilo moja ya sukari. "Karibu, shemeji," mke alisema, akamwekea chai, akatoka nje kuanika nguo.

"Kaka, nitakulipa," kijana akalia.

"Uliyemkopa si mimi. Ni yule aliyeko nje." Sponji alisikia maneno hayo yakimrudia yeye kwanza.

Miaka ikapita. Watoto wakaoa na kuolewa. Siku moja Sponji alilipwa kazi ya makochi ya hoteli, akarudi mbiombio.

"Mama watoto, kuna kiwanja nimekiona. Safari hii kwa jina lako."

Mkewe alikuwa akipiga pasi. Hakukasirika, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mgongo wangu hauwezi tena matofali, baba watoto. Na kodi ya mwezi huu bado."

Sponji alizitia pesa zile mfukoni. Kisha akavaa tena viatu, akatoka kwenda kumtafuta mwenye nyumba.