Adhana Iliyomtangulia Salim

Shemeji yangu Badru atakwambia nazua. Mwache. Mimi nilikuwepo, futari niliipika kwa mikono hii, na kama nazua nisiione Ramadhani nyingine.

Sikiliza basi. Mdogo wangu Salim wakati huo aliendesha teksi Barrow, juu kabisa Alaska. Mkewe Rukia ni nesi Kotzebue, mji mwingine wa barafu huko huko. Siku hiyo Rukia alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake, na Salim akatupigia simu hapa Herndon, upande wa pili wa Marekani, analia. Ombi lake lilikuwa moja: yeye baba ndiye amwadhinie mwanawe sikioni, asitanguliwe na mtu.

Badru akapima ramani kwenye simu. "Saa moja na ushei tu hewani! Mwambie apande ndege, aache kudeka."

Ndege gani, ewe mjuzi wa kila kitu? Ya moja kwa moja hakuna. Ni kushuka mpaka Anchorage, kisha kupanda tena kaskazini, na siku hiyo tufani ilikuwa imefunga viwanja. Lakini mtu anayepotea kwenye maegesho ya uwanja wetu wa ndege wa Dulles ndiye atufundishe Alaska!

Magharibi ilipoingia, mlango ukabishwa. Mzee mwembamba, kanzu tupu, na baridi ile! Kwetu mgeni wa futari haulizwi jina kabla hajashiba, tukamkaribisha. Akala kaimati, akanywa uji, akasema kwa upole, "Naelekea Kotzebue. Mna salamu?"

Badru akacheka mpaka uji ukampalia. "Leo hii? Haya mzee, ukifika, mwadhinie mtoto wetu!" Akafunga tende kwenye kitambaa changu cha meza, kile cha maua nilichokitarizi mwenyewe, akampa. Nikamkanya. Unafikiri alisikia?

"Inshallah," mzee akasema, akatoka. Nikamkimbilia na koti asije akaganda. Ngazini hapakuwa na mtu.

Chai haijapoa, Rukia akapiga simu ya video, mtoto kifuani. "Wifi, huyu mzee wenu mmemtoa wapi? Kamwadhinia vizuri, mpaka nimelia." Na pembeni ya kitanda, wallahi, kitambaa changu.

Badru eti anasema labda ni mzee wa msikiti wa pale. Msikiti gani, Kotzebue? Mwongo hana haya.

Salim alifika tufani ilipotulia, akahamia huko huko kwa mkewe, lakini alikuta haki yake imeshachukuliwa na mwingine. Hasemi na Badru mpaka leo. Mtoto anatembea sasa. Magharibi ikiingia hukimbilia mlangoni, akanyoosha mikono kama anayetaka kubebwa, na hakuna mtu.

Basi nawe, ukijiona mjuzi, cheza na ramani yako. Usimtume mgeni kwa mzaha, hujui nani atafika. Kila usiku Salim humwadhinia mwanawe upya, na kila usiku mtoto huziba masikio.