Mafua Yasiyojua Ukwe

Tangu nifiwe na mume wangu, naenda zahanati peke yangu. Juzi nilikuwa ile ya Kisondela, mvua inanyesha, mzee mmoja mwenye koti zito akainuka kufunga dirisha. Nesi akamzuia.

"Acha wazi, baba. Kirusi cha mafua kina ganda la mafuta. Kwenye baridi linakuwa gumu kama mafuta ya nyama kwenye sufuria, nacho kinadumu hewani. Ukifunga dirisha, tunakivuta sote."

"Mimi nimekivuta wapi? Sikai na watu."

Nesi akaonyesha kona, alikokaa mama aliyejifunika khanga usoni, mtoto mchanga mapajani. "Na mkamwana wako? Mnaishi nyumba moja, na mafua ni hayo hayo."

Mzee akageukia ukuta. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawatazamani.

"Huyo ndiyo kabisa. Miaka tisa sijamwona uso. Akiingia sebuleni, mimi natoka."

"Wewe unatoka, baba. Pumzi yako inabaki, na madirisha mmefunga."

Mzee akauliza, "Na mjukuu?"

"Bado hajaambukizwa."

Mzee akafumba macho, akapapasa ukuta mpaka dirishani, akafungua na ubao wa pili. Mvua ikamlowesha koti.

"Mwambie mama mtoto," akamwambia nesi, kana kwamba mkamwana yuko Mbeya, "hata nyumbani tutafungua."

Sauti ikatoka ndani ya khanga: "Mwambie baba asante, ila avae kofia."

Nilimshukuru Mungu kwa heshima yetu, nikamwomba ayafundishe na mafua.