Kisu na Uma vya Madam wa Dirishani

Siku yangu ya kwanza katika mgahawa wa hoteli pale Dubai Marina nilisimama mlangoni miguu imetanuka, mikono nyuma, kidevu juu, nikimwangalia kila aingiaye kana kwamba ameficha kitu mfukoni. Kapteni wetu, yaani mkuu wa wahudumu katika zamu, alikuwa Bi Salma, mwanamke wa ukoo wa Kizanzibari ulioishi Deira, mtaa wa kale wa Dubai, tangu enzi za babu yake. Alinizunguka polepole, akanitazama juu hadi chini, kisha akasema, "Mzee Wafula, unailinda supu? Hapa hapaibwi kitu. Kunjua uso, funga miguu."

Nilikuwa na sababu zangu. Nilifika Dubai kutoka Kitale mwanzoni mwa ile miaka ya elfu mbili na kumi, nikiwa nimeshapita umri ambao wenzangu huanza safari za namna hiyo, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kulinda ghala kule Dubai Investments Park. Mkubwa wetu wa huko, Msimamizi wa Zamu, alikuwa mtu wa maneno machache. Alituambia kwamba mlinzi hodari si yule anayemkamata mwizi, ni yule anayeona kitu kimehama mahali pake kabla mtu mwingine hajaona. Mkataba wa kampuni yetu ya ulinzi na ghala ulipoisha, baadhi yetu tulichukuliwa na hoteli. Nilidhani nimeacha kazi moja na kuanza nyingine isiyohusiana nayo hata kidogo, na jambo hilo liliniuma, maana nani anataka kuanza upya akiwa na mvi?

Kazi ya mgahawa, kwa ninyi vijana mtakaoifanya, ina sheria zake. Ukumbi hugawanywa kwa stesheni, yaani fungu la meza ambalo ni lako: lolote likiharibika hapo unaulizwa wewe. Kisu, uma, kijiko, glasi na kitambaa vilivyopangwa mbele ya kiti kimoja huitwa kava. Mgeni akiketi ni lazima kava yake iwe kamili, kwa sababu kumweka mgeni mbele ya meza tupu ni aibu ya nyumba nzima. Halafu kuna lugha ya vyombo, ambayo Bi Salma alinifundisha kabla hata ya majina ya vyakula. Kisu na uma vikilala sambamba juu ya sahani, mgeni amemaliza, ondoa. Vikitengana, kimoja huku na kingine kule, mgeni bado anakula, hata kama sahani ni nyeupe, na ole wako uiguse.

Katika stesheni yangu kulikuwa na meza ndogo dirishani, inayotazama boti za matajiri. Hapo aliketi kila mchana bibi mmoja wa Kiingereza ambaye sote tulimwita Madam. Alikuwa mjane, akiishi peke yake katika jengo la jirani. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ya kutunga kamusi, kazi ambayo mimi sikujua kwamba kuna mtu hulipwa kuifanya. Alikula samaki wake na viazi bila haraka, akamaliza vyote, kisha akaweka kisu upande huu na uma upande ule, akakaa akitazama maji mpaka alasiri.

Wahudumu wapya walihangaika naye. Brenda, binti wa Nakuru niliyekuwa nikimwelekeza kazi, alinivuta kando siku moja. "Mzee, huyu madam amemaliza ama hajamaliza?"

"Hajamaliza."

"Lakini plate iko empty kabisa."

"Sahani imemaliza," nikamwambia. "Yeye bado."

Nilimpenda bibi yule, sioni haja ya kuficha. Aliniita Mista Wafula wakati wengine walinipigia vidole. Aliniuliza jina langu lina maana gani, nikamwambia kwamba kwetu Wafula ni mtoto aliyezaliwa msimu wa mvua. Akatazama nje, kwenye jua lile la Dubai linalochoma hata kivuli, akasema basi mji huu umenipata kwa kuchelewa. Tangu siku hiyo kila nilipomletea maji aliuliza kama leo itanyesha, nami nikajibu, "Inshallah, Madam."

Kisha nikaanza kuona vitu vimehama. Alianza kuagiza supu baada ya kitindamlo. Aliniuliza kama mwanawe ameshafika, ilhali mwanawe alifanya kazi ya mafuta mbali sana na alikuja mara chache. Siku moja alikula, akatoka, akarudi muda si muda akiagiza chakula upya, kwa sababu hakukumbuka kwamba ameshakula. Nikampelekea chai na mkate. Bi Salma naye aliona, na ndiye aliyepokea simu ya mwana. Mwana yule alisema wazi: maadamu mama yake aweza kwenda mgahawani mwenyewe na kupokewa vizuri, atamwacha aishi nyumbani kwake kama anavyotaka. Siku hoteli itakaposema amekuwa mzigo, atampeleka Uingereza kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

"Bibi wa watu hana jengine ila meza hii," Bi Salma akaniambia. "Hiyo meza ikenda, naye kenda."

Mambo yalikuwa hivyo tulipoletewa Meneja mpya wa Migahawa, kijana wa suti ya kubana, mwenye bidii ya kutisha. Alikuwa ametoka hoteli kubwa kuliko yetu na hakuacha kutukumbusha. Alitaka meza zizunguke, yaani mgeni akitoka tu aingie mwingine, na zaidi ya yote alizitaka meza za dirishani siku ya branchi ya Ijumaa, ile karamu ya mchana ambayo watu husimama foleni hadi kwenye lifti.

Ijumaa ya kwanza ya Meneja, Madam alikuwa mahali pake, sahani nyeupe, kisu huku, uma kule. Meneja alinijia nyuma ya bega. "Wafula, ile meza. Ondoa sahani, umpe bili, yalla, upesi."

"Sir, bado hajamaliza."

"Amemaliza, namwona. Wewe umeajiriwa kuhudumia, hukuajiriwa kumlinda mtu. Ondoa."

Nilitembea hadi dirishani. Nilijua nikikataa nitafukuzwa, na atakayekuja baada yangu ataiondoa ile sahani kesho, na kesho kutwa, mpaka Madam aelewe kwamba hatakiwi. Nilijua pia kwamba foleni nzima inaniangalia. Madam aliinua macho akauliza kama leo itanyesha. Nikasema inshallah. Nikaiondoa sahani, kama nilivyoamriwa. Kisha nikafungua droo ya stesheni yangu, nikatoa kisu safi, uma safi, glasi na kitambaa, nikampangia kava mpya kuanzia mwanzo, na katikati nikaweka mkate wa moto.

Mtu asiyejua kazi yetu ataona ni jambo dogo. Lakini katika ukumbi wowote wenye heshima, mgeni aliye mbele ya kava mpya ni mgeni aliyefika sasa hivi. Hakuna anayeweza kumpelekea bili, wala kumwinua, mbele ya macho ya watu.

Meneja alitusubiri ofisini, mimi na kapteni wangu. Alikuwa mwekundu kwa hasira. "Nilikwambia uondoe."

"Niliondoa, sir. Mgeni haachwi na meza tupu."

"Unanifanyia mchezo?"

Hapo Bi Salma akaingilia. Alimkumbusha kwamba wageni wamelalamika mara nyingi juu ya Kiingereza cha wahudumu wapya, na kwamba ofisi ilikuwa inatafuta mwalimu. Mwalimu si yuko pale dirishani? Asubuhi, kabla ya chakula cha mchana, ukumbi huwa mtupu. Madam akae na vijana, awafundishe, na meza ihesabiwe kuwa ya darasa. Siku ya Ijumaa atakula mapema. Meneja alitaka kukataa, niliona kabisa, lakini hakupata sababu. Akasema tutajaribu darasa moja, likiharibika, khalas, mwisho, simu itapigwa kwa mwana.

Sikuwa na raha asubuhi ya darasa lile. Madam alikuja amevaa koti la ofisini lililonukia kabati, na aliponiona aliniuliza mimi ni nani. Vijana walikuwa wameketi kumzunguka, na Meneja alisimama kando ya kaunta ya vinywaji, mikono kifuani. Madam akatazama nyuso zile zote, mmoja baada ya mwingine. Kisha akatazama aproni ya Brenda, na mara mgongo wake ukanyooka.

"Nitawaambia habari za neno linalowalisha," akasema.

Neno lenyewe lilikuwa wait. Sote tulilijua, ni kungoja. Madam akatikisa kichwa. Alisema kitenzi hicho kilivuka bahari kuingia Uingereza pamoja na watu wa kaskazini mwa Ufaransa, ambao nao walikitoa kwa makabila ya Kijerumani, na kwamba ni cha ukoo mmoja na maneno ya Kiingereza ya kukesha na kutazama. Zamani zile hakikuwa na maana ya kukaa bure. Kilikuwa kutazama kwa makini, mara nyingi kwa nia mbaya, kumvizia adui. Kikawa neno la ulinzi: miji ya Waingereza ilikuwa na walinzi waliojulikana kwa jina hilo, wakizunguka usiku na mazumari yao kuonyesha kwamba wako macho, mpaka baadaye ulinzi ukawatoka wakabaki na muziki. Kungoja kulizaliwa njiani, kwa sababu anayekitazama kitu kwa muda mrefu huishia kukingoja. Bandarini, maofisa wa ushuru waliokuwa wakiziangalia meli zinazoingia waliitwa kwa neno hilo hilo. Katika majumba ya wakubwa likawa kumfuata bwana na kuangalia anahitaji nini. Ndipo likafika mezani, kwa weita, anayeleta sahani.

Hakukwama hata mara moja. Mtu ambaye hakukumbuka kifungua kinywa chake alilifuata neno moja karne baada ya karne, kama mtu anayepita mtaa aliozaliwa.

Brenda akainua mkono. "Kwa hivyo, Madam, weita na soja ni cousins?"

"Ni ndugu wa baba mmoja."

Vijana wakageuka kunitazama mimi niliyekuwa soja, yaani mlinzi, wakacheka, nami nikacheka mpaka macho yakalowa. Miaka yangu ya ghalani, ambayo niliihesabu kuwa imepotea, ilikuwa imepata jamaa zake.

Kisha Meneja akauliza kutoka kaunta, "Na ile maana ya kuvizia, imekufa?"

"La," Madam akasema. "Wewe umeivizia meza yangu tangu ufike."

Meneja akajaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka kwa sauti. Hapakupigwa simu yoyote. Mwana alipokuja likizo alimkuta mama yake katikati ya darasa, akasimama mlangoni hadi mwisho, kisha akarudi kazini kwake peke yake. Meza ikabaki ya Madam kwa misimu mingi baada ya hapo, na mimi nikapandishwa kuwa mwelekezi rasmi wa wahudumu wapya.

Sasa nimestaafu, niko Kitale, na mvua ninayo ya kutosha. Vijana wanaojiandaa kwenda Ghuba huja kuniuliza siri ya kazi. Ninawafundisha stesheni, ninawafundisha kava, ninawaambia wajifunze kutazama, kwa sababu kubeba sahani hata kigari kinaweza. Wakitaka zaidi ya hapo, ninawasimulia siku ya mwisho ya Madam mgahawani, iliyotangulia kidogo siku yangu mwenyewe ya kustaafu.

Mwaka ule alikuwa hawezi tena kuachwa peke yake, na sote tulijua. Mwana alikuja kumchukua, na kabla ya kwenda uwanja wa ndege akamleta ale. Ilikuwa Ijumaa. Madam alikula samaki wake na viazi, akamaliza. Akakitazama kisu kwa muda. Akakilaza, akaulaza uma kando yake, sambamba, akavinyoosha kwa kidole.

"Mista Wafula," akasema, "waweza kuondoa."

Niliibeba sahani hadi jikoni nikashindwa kuiweka chini. Bi Salma alinishika kiwiko. "Lia, baba," akasema, "kisha nawa uso, watu wana njaa."

Niliporudi walikuwa wameshaondoka, na foleni ya branchi ilifika hadi kwenye lifti. Nilifungua droo yangu. Nikapanga kava moja pale dirishani, kisu huku, uma kule, mkate wa moto katikati. Meneja akaja kwa haraka, akaitazama meza, akanitazama mimi. Akaenda kwenye kaunta, akarudi na kile kibao kidogo kinachosema meza ina mwenyewe, akakisimamisha kando ya glasi, kisha akaenda mlangoni kuwaomba wageni radhi.