Salamu ya Ganda la Njegere

Mwezi uliopita, katika semina ya walezi mjini Iringa, mwezeshaji aliniwekea mpira mdogo kiganjani, akataka niushike kidogo, nimtazame, kisha nimrudishie. Alisema ndivyo mtoto mwenye usonji anavyofundishwa kupokezana, na kwamba mazungumzo huanzia hapo. Wenzangu waliandika. Mimi, ndugu yangu, sikuandika kitu. Kimawazo nilikwisha kufika Kilolo ya utotoni, barazani kwa bibi, katika ukungu wa asubuhi na moshi wa kuni mbichi.

Kazi yetu watoto ilikuwa kumenya njegere. Mdogo wangu, binti aliyetimiza miaka sita bila kutamka neno, hakumenya. Alichagua ganda moja bichi na kulisugua shavuni. Kwetu mtoto asiyeamkia wakubwa huhesabiwa hana malezi, na jirani hakuficha.

"Mama, huyu binti adabu mmemnyima?"

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Adabu anayo. Haraka ndiyo hana." Kisha akamwekea jirani lile ganda mkononi. "Kaa nalo. Akikutazama, mrudishie, useme *kamwene*."

Jirani alicheka, lakini akafanya. Msimu ule wote, kila aliyepita kwenda shambani alisimama mbele ya mdogo wangu, akapokea ganda, akangoja, akalirudisha pamoja na salamu hiyo ya Kihehe. Kisha asubuhi moja mdogo wangu mwenyewe akasema, kwa sauti iliyokwaruza, "Kamwene." Bibi alimwaga ungo mzima.

Hapo ndipo tulipokosea: tuliamini amepona. Baba akaja kutoka Mbeya, akatuchukua tukaanze shule huko pamoja, darasa moja.

Siku ya kwanza, mwalimu alipopita kukagua kucha, mdogo wangu alimkabidhi ganda lililokwisha kunyauka. Mwalimu akalitupa dirishani. Mkono wa mdogo wangu ukabaki wazi, ukingoja.

"Mwalimu, anadai chenji!" akapaza sauti mwanafunzi mmoja, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu akanigeukia. "Huyu ni nani yako?"

Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba mwalimu amesalimiwa.

"Tunakaa naye tu," nikajibu.

Mdogo wangu hakumpa mtu kitu tena. Neno lake moja nalo hatukulisikia tena. Bibi alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumweleza. Majirani wale, waliosimama kila asubuhi na majembe begani, wamezikwa au wamehamia Mgololo kwa watoto wao walio kiwandani. Wapitao sasa kwenye njia ile hawamjui.

Leo naishi naye hapa Mbeya. Nimesoma kila nilichoweza kukipata, nimejaribu kila zoezi, kwa subira iliyochelewa. Hageuki. Wageni wangu huketi naye sebuleni saa nzima, na wanapoaga hunisifia: "Mdogo wako mtulivu jamani, hana makuu." Nami huwashukuru, wala siwaelezi utulivu huo ulikotoka.