Maua Ndani ya Munyu

Kabla hujanicheka, jua kwamba mimi ni mtu wa kupima. Kazi yangu hapa Kitale ni kukagua mbegu za mahindi. Naziweka chini ya hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo, naangalia kama zina ukungu au ufa, nazipiga picha, basi. Sikubali kitu mpaka nikione. Na hili ninalokusimulia nililiona kwa macho yangu mawili, mchana, tena nikiwa na akili zangu timamu. Ukikataa kuamini ni hiari yako, lakini picha ipo ukutani kwangu, na mlango haufungwi.

Wakati huo nilikuwa likizo ya uzazi. Binti yangu wa kwanza alikuwa bado mchanga, na alikuwa analia. Usiniambie watoto wote hulia. Huyu alilia mpaka sauti ikakauka, akasinzia kidogo, akaamka na kuendelea pale alipoachia. Hospitalini walimpima huku na huku wasione kitu. Kunyonya alinyonya kwa shida, na kila nikimpeleka kliniki uzito ulikuwa umeshuka. Nilikuwa naogopa atakufa. Nalisema hivyo hivyo kwa sababu ndilo lililokuwa moyoni mwangu, ingawa wakati ule sikulitamka hata kwa mume wangu.

Mume wangu, Njoroge, anatoka kwa zile familia za Mkoa wa Kati zilizokuja kulima Trans-Nzoia zamani. Kwao msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, na hakuna mjadala, kwa hiyo mtoto alikuwa Wambui. Mimi ni Mbukusu wa Kabuchai, huko Bungoma. Kwetu, mtoto akilia bila sababu, wazee husema kuna mtu wa ukoo aliyetangulia anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Unayataja majina ya waliokufa moja moja, na ukifika kwa mwenyewe, mtoto hunyamaza. Mama yangu alikuja Kitale kwa ajili hiyo, akampakata mjukuu, akataja bibi zetu wote, mashangazi, hata mtu aliyekufa akiwa amekosana na kila mtu. Mtoto akazidi kupaza sauti. Mama akarudi Kabuchai amenyong'onyea, na Njoroge akawa anatembea ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua pa kukaa.

Unataka kujua nilifanya nini nisichanganyikiwe? Nilipiga picha. Kazini walikuwa wameniachia hadubini kuukuu, nikaifunga kwa simu yangu, nikaiweka juu ya meza ya kulia chakula, na mtoto akilia mgongoni nilikuwa naweka chini ya lenzi chochote kilichokuwa karibu. Ukidhani umewahi kuona sukari, hujaiona. Kila punje ina nyuso zake laini, zinazopokea mwanga na kuurudisha. Ngozi ya kitunguu, ile unayotupa, imepangwa vyumba vyumba kama nyumba za kupanga pale mtaa wa Mitume. Uzi wa leso hupita juu ya mwenzake, halafu chini, halafu juu, bila kukosea hata mahali pamoja. Nilikuwa naangalia na machozi yananitoka. Nilijiambia kwamba dunia iliyoshonwa vizuri namna hii haiwezi kuniharibikia mimi peke yangu.

Siku yenyewe Njoroge alikuwa ameenda Moi's Bridge kwa mambo ya mahindi. Baada ya saa sita mvua ya mawe ikaanza, ile ya Kitale inayopiga mabati mpaka husikii unachowaza. Katikati ya kelele hiyo nikasikia hodi. Nikafungua. Alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo, leso mabegani na kichupa kidogo mkononi, kichupa kimezibwa kwa jani la mgomba. Sura yake niliijua na sikuijua, unaelewa? Kama mtu mliyeketi naye kanisani mara moja.

Nilifurahi kupata mtu. Nikamkaribisha kwa haraka, maneno yakatoka yamebebana: keti mama, wewe ni nani, na utakula nini, kuna chai na mandazi.

Akasema neno moja tu. "Siri."

Sasa hapa nisikilize vizuri. Kwetu Bungoma r na l huingiliana wakati wowote. Mtu akisema anaenda kurara, unajua anaenda kulala. Kwa kina Njoroge ni hivyo hivyo, kwa hiyo katika nyumba yangu mimi ndiye wa kunyoosha maneno. Nasikia r, naigeuza l kabla haijatua. Nikasikia "siri", nikanyoosha: sili. Hataki chakula. Nikaona labda ni mtu wa maombi, amefunga. Nikaacha mambo ya chai.

Akanyoosha kile kichupa. "Si wewe ndiye unaangaria vitu vidogo? Niangaririe hii."

Hata sikumuuliza aliambiwa na nani. Nilizibua, nikanusa, nikajua mara moja. Ilikuwa munyu, maji ya majivu yaliyochujwa, yale wamama wa kwetu hupikia mboga ya mrenda. Nikaweka tone moja chini ya lenzi, nikasogeza taa ili likauke. Tukakaa bega kwa bega tukitazama kioo cha simu. Mwanzoni hapakuwa na kitu, maji tu. Halafu ukingoni kukatokea sindano moja nyeupe. Ikazaa nyingine, na nyingine, zikakimbia kuelekea katikati, zikagawanyika matawi, matawi yakatoa vijani, mpaka tone zima likawa bustani. Nikalipiga picha. Nimepiga picha nyingi maishani. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Mwanamke alishika mdomo. Kisha akaniambia, polepole, "Nimepika hii maisha yangu yote. Sikujua ndani iko na maua."

Nilitaka kumfurahisha zaidi. Nikamwambia hata leso yake ina mambo, nikavuta pindo, nikaliweka chini ya lenzi nimwonyeshe nyuzi zinavyopishana. Nikazungusha kirekebishi cha lenzi. Nyuzi hazikuonekana. Nikazungusha tena, nikafuta lenzi, wapi! Nikabonyeza picha hivyo hivyo, nikidhani taa imechoka. Aliliondoa pindo taratibu, akainama nyuma yangu alipofungwa mtoto, akamtazama, akatabasamu, akatoka. Mimi bado napambana na taa. Ati mtaalamu.

Mlango ulipojifunga, mtoto alianza kulia. Ndipo nikagundua kwamba muda wote ule alikuwa kimya. Ndipo pia nikakumbuka kwamba mvua ya mawe ilikuwa inapiga alipoingia, na leso yake ilikuwa kavu. Mimi ninayelipwa kuona ufa kwenye punje ya mahindi sikuona jambo kubwa kama hilo. Nikafungua simu, nikaitazama ile picha ya pindo, nikaikuza. Hakuna nguo duniani isiyo na nyuzi. Lakini ile haikuwa nazo. Ilikuwa maua yale yale ya munyu, matawi na vijani, kutoka pembe hadi pembe.

Nikampigia mama simu Kabuchai, nikamweleza mwanamke alivyokuwa, urefu wake, kichupa, jani la mgomba. Mama akanikatiza.

"Arisema anaitwa nani?"

Nikamwambia hakusema. Nilimuuliza atakula nini, akajibu sili.

"Arisema siri ya kukataa chakura," mama akauliza, "ama siri ya kuficha?"

Nikasimama na simu sikioni. Nilikumbuka nilikuwa nimeuliza maswali mawili kwa pumzi moja. Na yeye alijibu la kwanza.

Mama alikuwa analia wakati ananieleza. Alikuwa na dada mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufa, na aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa anauza munyu soko la Myanga, na munyu wake ulikuwa mtamu kuliko wa wote. Wanawake walimbembeleza aseme alichoma majani gani, naye akawajibu neno moja, siri. Wakamwita hivyo mpaka jina lake la kuzaliwa likafifia. Hakuolewa, hakuzaa. Na kwa watu wetu, aliyekufa bila mtoto jina lake huachwa lipotee, halitajwi mtoto akilia. Mama alipokuwa akitaja wafu wote kwenye nyumba yangu, alimruka dada yake. Aliniambia alikuwa na jina hilo mdomoni, akalimeza kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

"Mtaje," akasema. "Mtaje sasa, nisikie."

Nilimtoa mtoto mgongoni. Uso ulikuwa mwekundu, mikono imekunjwa. Nikaweka simu kwenye kitanda, nikamwinamia sikioni, nikasema, "Siri."

Alinyamaza. Si kwamba alichoka, ninaujua ukimya wa kuchoka. Alifungua macho akanitazama kama mtu aliyeitwa. Nikasema tena. Akapiga chafya, akatafuta ziwa, akanyonya mpaka akalala, na kwenye simu nilisikia mama yangu anamshukuru Mungu kwa Kibukusu bila kupumua. Mimi nilikaa chini sakafuni nikalia kwa furaha, siwezi kukuficha.

Nilipoinuka kukitafuta kichupa, kilikuwepo mezani, kikavu, kama hakijawahi kutiwa kitu. Tone lile chini ya lenzi lilikuwa limeyeyuka, hewa ya mvua imelirudisha maji. Zilibaki picha mbili. Ya munyu na ya pindo, na ukiziweka pamoja huwezi kusema ipi ni ipi.

Nilimwogopa mama mkwe zaidi ya nilivyoogopa mzimu, nakwambia kweli. Jina lake ndilo alilokuwa amepewa mtoto. Njoroge alienda kumweleza na mimi nyuma yake nimebeba mtoto kama ngao. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama mjukuu aliyeanza kunona, akasema, "Jina rangu rikae kwa cheti. Hiro ringine rikae kwa mtoto." Yakaisha hapo. Ndiyo, najua, kuna simu za bei kali zinazoitika ukitaja jina hilo. Njoroge alicheka mpaka akashika mbavu. Bahati nzuri zetu si za aina hiyo.

Mama sasa hupika munyu kila akija. Anachoma majani haya na yale, anajaribu kuotea dada yake alichoma nini, nami naweka tone chini ya lenzi tuone. Hupata maua, kila mara maua tofauti, lakini bado hatujayapata yale. Mama hasemi amekata tamaa. Anasema dada yake angekasirika tukiyapata upesi. Jina ambalo halikutajwa miaka yote hiyo sasa linaitwa uani kwetu kutwa nzima, njoo uoge, shuka kwenye ukuta, wacha kula mchanga.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Mgeni akiingia kwako, muulize swali moja, usubiri jibu. Na akijibu, usimnyooshee maneno. Chukua alivyosema. Mimi nilikuwa karibu kumzika mtoto kwa herufi moja.

Siri wangu anatembea sasa, anaongea, na mashavu yamejaa. Ila ulimi wake ni wa Bungoma kabisa, umepinda upande wa pili. Wageni wakimpakata mezani na kumuuliza anaitwa nani, hujibu kwa fahari, "Sili." Nao humhurumia, wakasogeza chakula pembeni. Ukija kwetu usifanye hivyo. Iache sahani pale pale, umuulize tena.