Mti wa Mboga Mbichi

Wiki ya kwanza ya Desemba mwajiri wangu aliniomba kitambulisho, akakigeuza pande zote mbili kama mtu anayekagua noti, kisha akakifungia kwenye kabati la chumbani mwake.

"Utakipata Januari," alisema. "Wasichana watatu wamenifanyia hii kitu. Anaenda Krismasi, anasema ni wiki moja, harudi."

Sikubisha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimemfanyia kazi hapo Kawangware karibu miaka miwili. Wapangaji walimwita Mama Ploti, nami nikamwita hivyo hivyo. Mumewe alirithi shamba la babake, akalijaza vyumba vya mabati, akabakiza kipande cha kujengea nyumba yao ya mawe na kuizungushia ua. Mle ndani ndimo nilimoishi. Bila kitambulisho sikuthubutu kwenda mbali, maana siku hizo askari wakikukuta barabarani huna kitambulisho, ulikuwa unalala seli.

Dada yangu mkubwa aliishi Kibera, karibu na Olympic, akifulia watu nguo. Katikati ya mwezi alinitumia ujumbe kwa jirani yake aliyekuwa akifanya kazi ya mjengo upande wetu: mama amefika kutoka nyumbani kumwona mtoto mchanga, na anarudi tarehe ishirini na sita. Sikuwa nimemwona mama tangu nilipotoka nyumbani. Nikamwomba Mama Ploti ruhusa ya siku moja tu.

"Krismasi?" aliniuliza. "Na wageni wangu watapikiwa na nani?"

Kisha akanionyesha picha aliyokuwa ameikata kwenye gazeti la kina mama la ng'ambo. Ilikuwa sinia kubwa, na juu yake mboga zimepangwa zikawa mti wa Krismasi: brokoli ndiyo majani, nyanya ndogo ndiyo mapambo, nyota ya hoho ya manjano kileleni, na koliflawa imetawanywa chini. Aliniambia ile nyeupe ni theluji. Mwaka uliotangulia alikuwa amealikwa karamu ya wakubwa fulani huko Lavington, akakuta sinia kama lile, akauliza itapikwa saa ngapi. Walimcheka. Sasa alikuwa amewaalika kina mama wa kanisa na watu wa upande wa mumewe, na alitaka waone.

"Haipikwi," alinionya. "Inaliwa hivyo tu."

Kwetu mboga mbichi ilikuwa ya ng'ombe.

Tarehe ishirini na nne tulienda pamoja Soko la Toi, kwa sababu Kawangware tulipata sukuma na kabichi, lakini hizi za picha zilikuwa kwa mama mmoja pale Toi aliyezoea wateja wenye magari. Brokoli zilikuwa mbili tu, moja imeanza kugeuka njano. Mama Ploti alipoinama kuchagua karoti, mimi nilisimama nyuma yake na vikapu viwili, nikiangalia mapaa ya Kibera yaliyoanza pale pale soko lilipoishia. Kwa miguu ningefika kwa dada kabla Mama Ploti hajamaliza kubembeleza bei.

"Mama," nikasema, "ni hapo tu. Nusu saa nitakuwa nimerudi."

Hakuinua kichwa. "Nusu saa ya msichana wa kazi ni mwezi mzima. Shika hii hoho."

Nikaishika. Mpaka leo watu huniuliza kwa nini sikuweka vikapu chini nikaenda. Mikono ilikuwa imejaa, na kitambulisho kilikuwa kabatini. Ukizoea kutumwa, hata miguu yako inangoja kuambiwa.

Asubuhi ya Krismasi waliondoka wote kwenda kanisani. Mama Ploti alifunga geti kwa nje kwa kufuli, akaniambia kupitia mabati, "Nikirudi nikute mti umesimama." Hakuwa amenifungia kabla ya siku hiyo. Nilisikia pikapu ikiondoka, nikarudi jikoni.

Nilianza na shina, nikalikata kwenye karoti nene. Brokoli hazikutosha hata nusu ya mti, hivyo nikajaza mapengo kwa dania na majani machanga ya sukuma yaliyokunjwa. Nyanya ndogo hatukupata. Nikakata kubwa vipande, zikatoa maji, majani yakaanza kulegea. Nikazitoa, nikapangusa sinia, nikaweka vipande vidogo vya karoti badala yake. Matango niliyakata duara nikazungushia pembeni. Nilikata ile nyota mara tatu kabla haijakubali kuwa na ncha tano. Na ajabu ni kwamba niliipenda kazi ile. Kwa muda nilisahau kufuli.

Halafu nikasikia geti likigongwa, na sauti ya dada ikiniita.

Nilikimbia uani. "Uko na nani?"

"Na mama. Fungua."

"Ufunguo wameenda nao kanisani."

Kisha mama mwenyewe akauliza, kwa lugha yetu, "Wamekufungia? Kwani umeiba nini?"

"Sijaiba kitu, mama. Wanaogopa nitaenda nyumbani."

Kwenye geti kulikuwa na tundu la kuingiza mkono ili kufungua komeo. Mkono wa mama ukapitia hapo. Baada ya miaka miwili, nilichokiona ni mkono tu, hadi kwenye kiwiko, umekonda kuliko nilivyoukumbuka. Niliushika kwa mikono yangu miwili, nikaegemeza paji la uso kwenye mabati yaliyokuwa yameanza kupata moto. Nje mtoto wa dada alikuwa akilia.

"Unawapikia nini?" mama aliuliza hatimaye.

"Mboga. Lakini sipiki."

Nikakimbia jikoni, nikamletea kipande cha karoti, nikakiweka kiganjani mwake. Mkono ukarudi nje. Nikamsikia akitafuna.

"Haijaiva," alisema.

Nilicheka hadi nikalia. Nikawaambia waende, jua ni kali. Mama akasema yeye hakutoka Kibera kwa miguu kuja kusalimia geti. Wakakaa chini, mimi ndani wao nje, tukaongea habari za nyumbani migongo yetu ikiwa kwenye bati moja.

Pikapu iliporudi ilifuatwa na magari mawili ya wageni. Nilisikia mama mmoja wa kanisa akiuliza, "Hawa ni kina nani hapa kwa geti?" Mama Ploti alichelewa kidogo kujibu, kisha akasema kwa sauti kubwa, "Ni wageni wangu pia! Karibuni, karibuni ndani."

Hivyo mama yangu akaingia nyumba ile kama mgeni. Alikalishwa kwenye kochi lenye vitambaa, akapewa soda. Mimi nilipita na beseni la kunawa mikono. Nilipomfikia nilimmiminia maji, naye akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema, "Asante, mwanangu," nami nikasonga kwa anayefuata kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Walijaza sahani mukimo wa viazi na mahindi, nyama na chapati. Sinia langu lilikaa katikati ya meza bila kuguswa. Wageni waliinama, wakasifu, wakapita. Mama mkwe wa Mama Ploti akauliza, "Na hii ni ya mbuzi ama?" Chumba kizima kikacheka. Nilimwona Mama Ploti akipanga vijiko ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Mama yangu akasimama. Alichukua sahani safi, akajiwekea brokoli, karoti, dania, hata theluji, akachovya kwenye bakuli la mala, maziwa ya mgando niliyoyachanganya na ndimu, akaanza kula mbele ya wote. Magego hakuwa nayo mengi. Alitafuna taratibu, hakuna aliyecheka tena, na aliporudi kuongeza, kina mama wawili walimfuata.

Jioni niliruhusiwa kuwasindikiza hadi stegi ya matatu. Mama akanishika mkono. "Twende tu," akasema.

"Kitambulisho, mama."

Hakunilazimisha. Nikawatazama wakipanda, nikarudi mwenyewe, nikagonga geti nifunguliwe.

Mama Ploti alinikuta nikiosha vyombo. "Mama yako ana adabu," alisema, akabaki amesimama mlangoni. Nilifunga bomba, nikangoja aendelee.

"Usisahau kufunika mabaki," akasema.

Januari ilipita, na Februari, kitambulisho kikiwa bado kabatini. Aprili nilikwenda kwa chifu nikasema kitambulisho kimepotea, nikaandikiwa barua ya kuombea kingine, na wiki iliyofuata nilihamia kwa dada nikaanza kufua naye. Mama hakuwahi kutaja lile geti. Kijijini alisimulia kwamba Nairobi alialikwa kwa matajiri, akakalishwa kwenye kochi, na bintiye ndiye aliyepamba meza. Nilimsikia akisimulia hivyo mara nyingi, na sikuwahi kumkatiza.